Maisha ya Daktari John Kirk, Mpiga Picha wa Mimea

Kila mwaka katika sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu mwanafunzi mmoja wa darasa la juu hupewa kazi ya kueleza maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki zamani. Mwaka huu zamu ni yangu, mimi mwanafunzi wa S6 mwenye umri wa miaka 19. Wenzangu walidhani nitachagua mfalme au jemadari. Nimemchagua daktari mmoja wa Scotland aliyependa majani, jina lake John Kirk. Katika vitabu vya historia Kirk hutajwa zaidi kwa jambo moja, yaani kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja katika mwaka 1873. Jambo hilo ni kubwa, nami nitalieleza. Lakini mimi nilimjua kwa njia nyingine, kwa picha ya mti wa mbuyu, na yafaa nianze hapo.

Shule yetu iko Kanombe, upande wa mashariki wa mji wa Kigali, karibu na uwanja wa ndege. Katika Kanombe hii pana jumba lililokuwa zamani makazi ya rais, ambalo tangu mwaka 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Mwaka jana tulikwenda huko kwa miguu pamoja na mwalimu wetu wa Biolojia. Tulipokuwa tukirudi, mwalimu alitueleza desturi ya watu wanaouza picha za sanaa. Mpiga picha huamua tangu mwanzo kwamba picha fulani itatolewa nakala chache tu, labda 7 au 20. Kisha chini ya kila nakala huandika kwa penseli namba yake na jumla ya nakala zote, akatia sahihi. Nakala hizo zikiisha, hatoi nyingine. Picha za majani na maua hupendwa sana kuuzwa kwa namna hii.

Mmoja wetu akauliza kwa nini mtu azuie nakala, na hali simu ya mkononi yaweza kutoa nakala elfu kwa dakika moja. Mwalimu hakujibu njiani. Juma lililofuata alileta darasani karatasi yenye picha ya mbuyu mkubwa wa bonde la mto Zambezi, iliyopigwa na Kirk zaidi ya miaka 160 iliyopita, akatutaka tutafute jibu katika maisha ya mtu huyo. Wenzangu wengi walisahau. Mimi sikusahau, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana huyu alisoma udaktari katika mji wa Edinburgh, akahitimu mwaka 1854. Siku zile daktari hakuweza kuwa daktari bila kujua mimea, kwa maana dawa nyingi zilitoka katika majani, magome na mizizi. Kirk aliyapenda masomo hayo kupita mengine. Mara alipomaliza masomo, palikuwa na vita ya Crimea, naye akaenda kutumika katika hospitali ya askari huko Dardanelles, nchi ya Waturuki. Siku za mapumziko alipanda milima kutafuta maua. Tena alikuwa amejifunza kazi mpya iliyowashangaza watu wa zamani zile, nayo ni kupiga picha kwa kamera.

Katika mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimtuma Daktari David Livingstone kuupeleleza mto Zambezi. Kirk alichaguliwa kuwa daktari wa msafara na mtaalamu wa mimea. Waliondoka Uingereza mwezi wa Machi, wakafika mlango wa Zambezi mwezi wa Mei. Walikuwa na merikebu ndogo ya moshi iliyoitwa Ma-Robert, jina walilomwita watu wa bara mke wa Livingstone, maana yake Mama Robert. Merikebu hiyo ilikuwa mbovu. Ilikula kuni nyingi na kwenda polepole, na mabati yake yalitoboka. Wasafiri walilalamika, lakini kila iliposimama ili kuni zikatwe, Kirk alishuka pwani ya mto na kukusanya mimea.

Mpiga picha wa msafara aliyewekwa rasmi hakuwa Kirk, alikuwa Charles Livingstone, ndugu wa kiongozi. Bwana huyo hakufanikiwa sana katika kazi yake. Palikuwa pia na mchoraji hodari, Thomas Baines, lakini yeye alifukuzwa katika mwaka 1859 kwa kushtakiwa wizi, na watu wengi baadaye waliona kwamba alionewa. Basi kazi ya kuhifadhi sura ya nchi ile ikamwangukia daktari, ingawa haikuwa katika mkataba wake.

Yafaa tueleze kupiga picha kulikuwaje wakati ule, maana sisi vijana wa leo twabonyeza tu. Mpiga picha alipaka karatasi au bamba la kioo dawa zenye madini ya fedha, gizani. Akalitia katika kamera, akafungua kifuniko, akangoja mwanga uingie. Kisha alirudi gizani na kuitokeza picha kwa dawa nyingine. Picha ya kwanza ilikuwa ya kinyume, mahali peupe pakawa peusi na peusi pakawa peupe. Ili kupata picha ya kweli, ilimlazimu kuiweka juu ya karatasi nyingine yenye dawa, akazianika pamoja juani. Kila nakala ilihitaji karatasi yake, dawa yake, jua lake na maji safi ya kuoshea. Mtu hakutoa nakala elfu. Alitoa moja, mbili, au chache, na kila moja ilikuwa kazi ya mikono yake.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kazi hiyo ifanywe katika bonde la Zambezi, penye joto, vumbi, mbu na homa. Dawa huharibika kwa joto. Maji ya mto yana matope. Tena mimea ina shida yake yenyewe. Mtu huweza kuambiwa asimame kimya, lakini jani haliambiwi. Upepo ukivuma kidogo wakati kamera iko wazi, jani hutoka kama moshi. Labda ndiyo sababu mbuyu ulimfaa Kirk. Ni mti mnene, hautikisiki, na wakati wa kiangazi hauna majani, matawi yake yakaonekana kama mizizi iliyoelekea juu. Kirk alipiga picha za mibuyu, na za kichaka kizito cha ukingo wa mto mahali paitwapo Lupata, chini ya mji wa Tete. Picha hizo ni kati ya picha za kwanza kabisa za mimea ya sehemu hizi za Afrika kupigwa kwa kamera. Zilizosalia ni chache, nazo zimehifadhiwa pamoja na karatasi zake katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Mtu mwingine aliyetangulia katika kazi ya kuchapa sura za mimea kwa jua alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Anna Atkins, aliyezaliwa mwaka 1799. Yeye hakutumia kamera. Alichukua karatasi iliyopakwa dawa za chuma, ambazo mtaalamu John Herschel alizigundua mwaka 1842. Akaweka juu yake mwani wa baharini uliokaushwa, akaianika juani, kisha akaiosha kwa maji. Karatasi yote ikawa ya buluu, ila pale mwani ulipokuwa pakabaki peupe. Tangu mwaka 1843 hata 1853 alitoa kitabu cha mwani wa Uingereza chenye kurasa karibu 400, na kila ukurasa wa kila nakala ulitengenezwa kwa njia hiyo. Ndicho kitabu cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za mwanga. Nakala zinazojulikana leo ni kama 20 tu. Bibi huyo alifariki mwaka 1871 katika kijiji cha Halstead, karibu na mji mdogo wa Sevenoaks. Likumbuke jina la mji huo, maana tutalikuta tena.

Turudi kwa Kirk. Katika mwaka 1859 alifika ziwa Nyasa pamoja na Livingstone. Mwaka 1860 walipanda mto mpaka nchi ya Wamakololo, wakaona maporomoko makubwa ya Mosi-oa-Tunya. Njia nzima Kirk aliandika, akachora, akakausha majani kati ya karatasi. Mwezi wa Novemba mwaka ule walikuwa wakirudi Tete kwa mitumbwi. Walipofika Kebrabasa, mahali ambapo mto unabanwa na mawe na maji hukimbia kwa nguvu, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu, akashika jiwe. Lakini vyombo vyake, vitabu 8 vya maandishi na michoro ya mimea kama 100 vilichukuliwa na maji. Kazi ya miezi mingi ilikwisha kwa dakika chache. Ilimlazimu kutembea kwa miguu mpaka Tete, mikono mitupu.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi. Wahenga walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, lakini Kirk alikuwa na daftari, na daftari lenyewe ndilo lililopotea. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba daftari lile lilikuwa moja tu. Vilivyosalimika vilikuwa vile vilivyokuwa mahali pengine. Mimea mingi iliyokaushwa ilifika katika bustani kubwa ya Kew, London, na wataalamu wa huko waliitumia walipoanza kuandika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya joto, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1868. Na zile picha chache za karatasi zilisalimika vilevile.

Kirk hakukata tamaa. Alianza kukusanya upya. Katika siku hizo lilitokea jambo moja lililoleta faida kwa wagonjwa wa moyo. Watu wa bonde la Shire na Zambezi waliwinda kwa mishale yenye sumu iliyoitwa kombe, iliyotoka katika mbegu za mmea mmoja utambaao juu ya miti. Kirk alichukua kidogo ili aichunguze, akaiweka mahali pamoja na mswaki wake. Asubuhi alipopiga mswaki alionja uchungu usio wa kawaida, na alipojipima mapigo ya moyo aliona yamepungua. Mtu mwingine angeogopa na kutupa kila kitu. Yeye aliandika alichokiona na kuipeleka sumu ile Uingereza. Huko Edinburgh Profesa Thomas Fraser aliichunguza katika miaka ya 1870 na 1880, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya moyo. Mmea wenyewe hata leo kwa jina la kitaalamu huitwa Strophanthus kombe. Hapo jina la wenyewe lilibaki.

Katika mwaka 1862 Mama Robert, yaani Mary Livingstone, alifariki kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Mwaka 1863 Kirk naye aliugua sana, akarudi kwao.

Lakini Afrika haikumwacha. Mwaka 1866 alifika Unguja kama daktari na msaidizi wa balozi wa Uingereza, akakaa huko karibu miaka 20. Alioa, akalea watoto wake pale pale kisiwani. Kazi za ofisi zilipokwisha, alikwenda katika shamba lake la Mbweni, kusini ya mji, ambako alipanda miti na maua ya nchi nyingi ili ajue ipi yaweza kustawi katika udongo wa pwani.

Wapwani walikuwa na biashara ya sandarusi, utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, uliopelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao. Wazungu walikuwa wakibishana juu ya asili yake. Kirk alikwenda kuangalia kwa macho yake, akalinganisha utomvu wa mti wa msandarusi ulio hai na ule uchimbwao, akaonyesha kwamba vyote viwili ni vya mti ule ule, ila wa pili umekaa ardhini miaka mingi mno. Kadhalika aliwaeleza wataalamu wa Kew habari za mmea utambaao wenye utomvu wa mpira, nao wakaupa jina lake, Landolphia kirkii. Hata kima punju, yule mwekundu wa msitu wa Jozani anayependwa na watalii, jina lake la kitaalamu lina jina la Kirk ndani yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limemfanya ajulikane. Unguja ya wakati ule ilikuwa soko kubwa la watumwa. Kila mwaka maelfu ya watu waliletwa kutoka bara, wengine kutoka nchi zile zile za Nyasa ambako Kirk aliona vijiji vilivyochomwa. Mwanzoni mwa mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara hiyo, lakini alirudi bila kufaulu. Ndipo Kirk alipopewa amri ya kumwonya Sultani kwamba manowari za Kiingereza zingeizingira Unguja. Kirk alijua hali ya Barghash, kwamba mwaka 1872 tufani kubwa ilikuwa imeangusha mikarafuu mingi ya kisiwa, na kwamba matajiri wake walikuwa na hasira. Alizungumza naye siku nyingi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi mkataba, na soko likafungwa. Mahali pake, Mkunazini, pamejengwa kanisa kubwa ambalo lipo hata leo.

Tusidhani kwamba siku ile utumwa ulikwisha. Biashara ya baharini ndiyo iliyokatazwa, lakini watu waliokwisha kuwa watumwa mashambani walikaa hivyo mpaka sheria ya mwaka 1897. Tena Kirk alikuwa mtumishi wa dola yake. Alimsaidia Barghash miaka mingi na kumpa moyo kwamba Uingereza ni rafiki. Lakini Wajerumani walipokuja kudai nchi za bara katika mwaka 1885, London ilimwamuru asiwazuie, naye akatii. Sultani akapoteza sehemu kubwa ya nchi alizodai. Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Nadhani haifai kumsifu mtu mpaka tukaficha mambo ya namna hii.

Kuna habari moja ndogo ya mwisho juu ya mimea yake. Katika mwaka 1884 alipeleka Kew kielelezo cha ua dogo la rangi ya zambarau kutoka pwani inayoielekea Unguja. Kielelezo hakikuwa kizuri cha kutosha, wataalamu hawakuweza kulieleza ua hilo, wakaliweka kando. Baadaye afisa mmoja wa Kijerumani huko Usambara, Baron von Saint Paul, alipeleka kwao mbegu za ua hilo, nazo zikaota. Mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia, na siku hizi liko madirishani mwa nyumba za watu dunia nzima. Kirk alitangulia kwa miaka mingi, lakini sifa ilikwenda kwa yule aliyeleta kilicho hai. Na watu wa Usambara, waliolijua ua hilo kabla ya wote wawili, hawakutajwa katika jina hilo.

Kirk aliporudi Uingereza alipewa heshima nyingi, akawa mmoja wa wajumbe wa mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890 uliozungumza juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Alikaa Sevenoaks, mji ule ule niliousema, karibu na kijiji alikofia Anna Atkins. Huko alitunza bustani yake mpaka alipofariki tarehe 15 Januari 1922, akiwa na miaka 89. Watu wawili waliochapa mimea kwa jua, mmoja kwa kamera na mmoja bila kamera, wamemalizia siku zao mahali pamoja, ingawa si wakati mmoja.

Sasa nieleze kwa nini habari hizi zimenigusa. Bibi yangu alikuwa na kipande cha ardhi kando ya mtelemko, si mbali na shule. Alipanda humo majani ya dawa. Palikuwa na umuravumba wa kikohozi na umubirizi wa tumbo, na mengine mengi ambayo majirani walikuja kuomba. Nilipokuwa S4 nilianza kuyaandika katika daftari. Kila ukurasa niligundisha jani moja, nikaandika jina alilonitajia, linatibu nini, huchumwa lini. Nilifikisha kurasa 41. Siku moja ya mvua kubwa nilikuwa nikirudi shuleni kwa pikipiki, mfuko wangu ukafunguka, na daftari likaanguka katika mtaro wa maji. Nilikimbia kandokando ya mtaro mpaka lilipoingia chini ya barabara. Sikuliona tena.

Nilijifariji kwamba bibi yupo na bustani ipo, nami nitaandika upya wakati wa likizo. Lakini kabla ya likizo ardhi ile ilikwisha chukuliwa kwa ajili ya majengo. Bibi alilipwa, akahamia kwa mjomba wangu, na bustani ikasawazishwa na tingatinga. Mahali pale leo ni udongo mwekundu na chuma za nguzo. Nilikaa na bibi nikamwuliza jina moja moja. Mengi alikumbuka. Lakini bibi hujua jani kwa kuliona na kulinusa, si kwa kuulizwa. Nilipomweleza kwa maneno tu, mara nyingine alinitazama kwa huruma, akanyamaza.

Kabla ya tingatinga kufika, kwa bahati njema, tulikuwa tumefanya jambo moja darasani. Mwalimu alipata dawa za kuchapia picha za buluu, zile za Anna Atkins, akatutaka kila mmoja alete majani matatu. Mimi nilileta 9, kwa kuwa bustani ya bibi ilikuwa karibu. Tulipaka karatasi katika chumba chenye mapazia, tukaweka majani chini ya kioo, tukatoka nje. Jua la Kanombe wakati wa kiangazi halina mchezo, robo saa ilitosha. Tulipoziosha katika beseni, buluu ilitokea polepole, na mishipa ya umuravumba ikaonekana nyeupe, hata mikunjo ya kingo zake. Darasa zima lilinyamaza.

Karatasi zilikuwa haba, hivyo kila jani lilipata nakala 7 tu. Tuliziandika namba kwa penseli, 1/7 mpaka 7/7, kama mwalimu alivyotufundisha, tukatia sahihi. Nne tuliwauzia wazazi siku ya sikukuu ya shule ili tununue karatasi nyingine. Moja iko maktaba yetu. Moja ninayo mimi. Moja nilimpelekea bibi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la lile swali la njiani. Picha zangu za simu za bustani ile zilikuwa nyingi, nazo zilikwenda pamoja na simu ilipoharibika. Daftari lilikuwa moja, likaenda na maji kama vitabu vya Kirk. Lakini nakala 7 najua ziko wapi zote. Kila moja ina mwenyewe aliyeitundika ukutani au kuiweka katika sanduku, naye huitunza kwa sababu anajua ziko chache. Kitu kilicho kimoja hupotea siku moja, na kitu kilicho elfu hakuna anayekilinda. Uchache uliogawanywa kwa watu waaminifu ni ghala.

Nilipomwonyesha bibi zile picha 9, aliziweka magotini akazitazama moja moja, akifuata mishipa kwa kidole. Alitaja majina ya majani 6 bila kusita. Matatu alishindwa, maana harufu haichapwi, na majani hayo hufanana na mengine. Nilikuwa sikuandika majina yake chini ya picha siku ile ya kuchapa, kwani nilikuwa na haraka na nilidhani daftari lipo. Basi katika maktaba yetu, ndugu msomaji, utaona picha 3 za buluu zenye mahali na tarehe, lakini mstari wa jina uko mtupu.

Kirk aliandika majina mengi ya mimea, na wataalamu wakaandika jina la Kirk. Walioionyesha mimea hiyo kwa mara ya kwanza, wawindaji wa kombe na wachimbaji wa sandarusi, hatuwajui. Sisi hatuna udhuru huo, kwa maana wanaotuonyesha ni bibi na babu zetu wenyewe. Mkienda nyumbani likizo hii, chukueni karatasi na penseli. Chapeni jani, andikeni jina lake siku hiyo hiyo kwa lugha ya aliyewapa, na nakala moja mwachieni yeye. Kama kati yenu yuko atakayelijua jani mojawapo la yale matatu, penseli iko mezani kwa mtunza maktaba.